Maada iliyopotea si maada ya giza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie kosa linalojirudia katika habari za sayansi, zikiwemo zile za gazeti lako. Kila wanaastronomia wanapotangaza kuwa wamepata sehemu ya maada iliyokuwa haionekani, habari huandikwa kana kwamba kitendawili cha maada ya giza, ile isiyotoa nuru na inayojulikana kwa mvutano wake tu, kimeteguliwa. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Msomaji anayeachwa ayachanganye hunyimwa fursa ya kuelewa mojawapo ya vipimo bora kabisa ambavyo binadamu amewahi kuvifanya, yaani kukadiria kiasi cha maada ya kawaida kilichomo ulimwenguni.

Maada ya kawaida ni ile iliyojengwa kwa protoni, neutroni na elektroni: nyota, sayari, gesi, vumbi na miili yetu wenyewe. Vipimo vya setilaiti ya Planck, iliyorushwa na Shirika la Anga za Juu la Ulaya mwaka 2009, vinaonyesha kuwa maada hiyo ni takriban asilimia 5 tu ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Maada ya giza ni karibu asilimia 27, na sehemu kubwa iliyobaki ni nishati ya giza, ile inayoharakisha kupanuka kwa ulimwengu. Asilimia hizi zikichapishwa bila maelezo, msomaji ana haki ya kuuliza ni nani aliyezihesabu nyota zote. Ukweli ni kwamba hakuna aliyezihesabu, wala haikuwa lazima, kwa sababu jumla ilijulikana kwa njia nyingine kabla ya vitu vyenyewe kuonekana vilipo.

Njia ya kwanza inarudi kwenye dakika chache za mwanzo wa ulimwengu, wakati protoni na neutroni zilipoungana kuwa viini vya atomi nyepesi: heli kwa wingi, lithi kidogo sana, na deuteri, ambayo ni haidrojeni yenye neutroni moja ya ziada. Deuteri ndiyo shahidi anayeaminika kuliko wote. Kadiri chembe zilivyokuwa zimesongamana, ndivyo deuteri ilivyogongwa mara nyingi zaidi na kugeuka kuwa heli, hivyo kiasi kilichosalia hutueleza msongamano wa wakati ule. Ili kukipima, wanaastronomia hutafuta mawingu ya gesi ya kale ambayo nyota hazijayabadilisha sana, kwa maana nyota huiteketeza deuteri. Nuru ya kwasari, yaani kiini kinachong'aa sana cha galaksi ya mbali, inapopenya wingu la namna hiyo, haidrojeni huacha mstari mweusi katika spektra, yaani nuru iliyotawanywa kwa rangi zake, na deuteri huacha mstari wake hafifu kando kidogo tu, upande wa buluu. Mistari hiyo miwili ikilinganishwa kwa uangalifu, hupatikana takriban atomi 2.5 za deuteri kwa kila atomi 100,000 za haidrojeni. Uwiano huo mdogo ndio unaotupa msongamano wa maada ya kawaida katika ulimwengu mzima, na mimi sioni katika sayansi nzima mfano mwingine wa kitu kidogo hivyo kuthibitisha jambo kubwa hivyo.

Njia ya pili ni ya wakati wa baadaye, ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama 380,000. Mionzi iliyoachiwa wakati huo, ambayo Arno Penzias na Robert Wilson waliinasa mwaka 1964, bado ina alama za mawimbi ya sauti yaliyokuwa yakipita katika gesi ya moto. Maada ya kawaida ilikuwa imefungamana na nuru na ilishiriki katika mawimbi hayo, ilhali maada ya giza ilivuta kwa uzito wake tu. Maada ya kawaida ilipokuwa nyingi, migandamizo ilikuwa na nguvu kuliko mitanuko, na tofauti hiyo inapimika hadi leo. Planck iliipima kwa usahihi wa chini ya asilimia 1, na jibu lake linaafikiana na lile la deuteri. Fizikia ya viini vya atomi haitegemei fizikia ya mawimbi ya sauti, na vipindi vyenyewe vimetengana kwa mamia ya maelfu ya miaka. Maafikiano haya ndiyo yanayolipa kadirio uzito wake, lakini katika habari nyingi hayatajwi hata kwa sentensi moja.

Kutoka hapo hesabu ni nyepesi, na gazeti linaweza kuichapisha bila kumchosha mtu. Msongamano uliopatikana ni sawa na protoni moja kwa kila meta 4 za ujazo. Ulimwengu unaoweza kuonekana, wenye nusukipenyo cha miaka ya nuru karibu bilioni 46, una meta za ujazo zipatazo 4 ikifuatiwa na sifuri 80. Ukigawa kwa 4, unapata protoni na neutroni zipatazo 1 ikifuatiwa na sifuri 80. Namba hii huandikwa mara nyingi kuwa ni idadi ya atomi za ulimwengu wote, na hapo pia pana upungufu: inahusu sehemu ambayo nuru yake imepata muda wa kutufikia, basi.

Maada iliyopotea inaingia hapa. Mwaka 1998 Masataka Fukugita, Craig Hogan na James Peebles walijaribu kuorodhesha maada ya kawaida mahali inapoonekana, na ikadhihirika kuwa nyota zote za galaksi zote ni sehemu ndogo tu ya jumla inayotakiwa. Hali ilikuwa kama ya mhasibu anayejua kwa hakika fedha zilizoingia, lakini haoni zilikowekwa. Uigaji wa kompyuta ulidokeza kuwa sehemu kubwa imetawanyika kati ya galaksi kama gesi yenye joto la nyuzi kuanzia laki moja hadi milioni kadhaa, iliyo nyepesi mno kiasi kwamba darubini haziioni kwa urahisi.

Kilichosaidia ni milipuko mifupi ya mawimbi ya redio kutoka galaksi za mbali, ambayo ilitangazwa kwa mara ya kwanza mwaka 2007. Mlipuko hudumu milisekunde chache tu, yaani sehemu chache za elfu za sekunde. Masafa yake yote huondoka pamoja, lakini elektroni zilizo njiani huyachelewesha yale ya chini kuliko ya juu, kwa hiyo mpokeaji husikia ya juu kwanza, kisha ya chini. Ucheleweshaji huo ni hesabu ya elektroni zote zilizopitwa, ziwe zinang'aa au hazing'ai, na umbali wa galaksi ukijulikana, msongamano hupatikana. Mwaka 2020 Jean-Pierre Macquart na wenzake, wakitumia darubini ya ASKAP ya Australia, walionyesha kwa milipuko michache tu kuwa jumla inalingana na ile ya deuteri na ya Planck. Uchunguzi wa milipuko 69 uliochapishwa mwaka 2025 uliigawa jumla hiyo: takriban asilimia 76 iko katika anga kati ya galaksi, asilimia 15 katika gesi inayozizunguka galaksi, na iliyobaki ndiyo nyota na gesi baridi.

Yote yaliyopatikana hapa yamo ndani ya ile asilimia 5. Ile 27 ya maada ya giza haikupungua hata chembe. Wapo wasomaji wanaodhani kuwa maada ya giza huenda ikawa nyota zilizozimika au sayari zisizoonekana. Deuteri inalikataa wazo hilo, kwa sababu kama maada ya kawaida ingekuwa nyingi kiasi hicho, deuteri iliyosalia ingekuwa kidogo kuliko tunayoiona. Aidha, katika miaka ya 1990 wachunguzi walizitazama mamilioni ya nyota za Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo zilizo jirani na yetu, wakisubiri vitu visivyong'aa vipite mbele yake na kuikuza nuru yake kwa muda. Vitu hivyo vilivyoonekana havikutosha kuwa maada ya giza inayoizunguka galaksi yetu.

Nakuomba, Ndugu Mhariri, habari ya aina hii ikifika tena mezani pako, ieleze ni upungufu upi unaozungumziwa, ni njia gani iliyotumika kupima, na ukingo wa kosa la kipimo ni kiasi gani. Aya moja inatosha kwa hayo yote matatu.

Wako,
Msomaji wa kurasa za sayansi