Mabanda ya mpira karibu na Uwanja wa Amaan yatuwekee pa kukaa wanawake

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye mabanda na migahawa ya kuoneshea mpira katika mitaa ya Amani na Sebleni. Tangu Uwanja wa Amaan ufunguliwe upya Disemba 2023 baada ya matengenezo makubwa, mitaa ile haijui tena usiku. Siku ya mechi utakuta jiko la mishikaki kila kona, na kila mwenye ukumbi wenye soketi mbili keshatundika televisheni. Uwanja unachukua watu 15,000 hivi, kwa hiyo ikija mechi kubwa wengi wetu tiketi hatuzipati na tunakimbilia mabandani. Katika hao wengi na sisi wanawake tumo, na maneno yangu yako hapo.

Mimi ni mzaliwa wa Jang'ombe. Mtaa wenye timu za Jang'ombe Boys na Taifa ya Jang'ombe mtoto wa kike hawezi kukua humo asiujue mpira. Binti yangu yuko kidato cha pili, anacheza beki wa kushoto katika timu ya skuli yao, na JKU Princess ndiyo timu ya wanawake anayoiota. Mtoto kama huyu akitaka kujifunza anahitaji kuwaona wakubwa wanavyocheza, na nyumbani kwetu king'amuzi hatuna.

Tarehe 25 Mei 2025 Simba walirudiana na RS Berkane ya Morocco hapa Amaan, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Simba walikuwa wameshafungwa 2-0 kule Morocco. Tiketi tulizikosa, shoga yangu wa Sebleni akatwambia tufuatane naye kwenye mgahawa mmoja ulio nyuma ya uwanja. Nilikwenda roho juu, maana mabanda nayajua. Tulipofika mlangoni kijana akatwambia, "Karibuni mama, upande wa kulia wa familia." Akatupangusia benchi lenye egemeo, na mbele yetu hapakuwa na mtu wa kusimama akatuziba. Televisheni zilikuwa mbili, moja ya upande wetu. Nje alikaa bibi mmoja na beseni la urojo, anapanga kachori na bajia bakulini, anamimina urojo wake, anamalizia na chipsi za muhogo na pilipili kwa kipimo unachomtajia, kisha mtoto anakuletea ulipo. Ndani hakuna ulevi, na mwenye kutaka sigara hutoka. Choo kina maji na kitasa kinafunga. Wanaume wataniona nababaika na kitasa, lakini mwanamke yeyote mwenye binti atanielewa.

Raha ya kukaa pale karibu na uwanja ni kuwa goli unalisikia kabla hujaliona. Mutale wa Simba alipofunga kipindi cha kwanza, sisi kwenye televisheni mpira ulikuwa bado haujamfikia. Uwanja ukalia, ukuta ukatetemeka, ukumbi mzima ukanyamaza na kukodolea macho ule mpira unaoelekea kwenye goli tulilokwisha kulijua, kisha tukapiga kelele sote kwa pamoja. Binti yangu alinishika mkono mpaka ukaniuma. Kipindi cha pili Simba wakabaki pungufu kwa kadi nyekundu, na dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha, ikawa 1-1 na kombe likaenda Morocco. Lakini nilimuona mwanangu namna alivyomfuata beki wa kushoto macho, akiniambia lini apande na lini abaki. Yule mzee aliyekaa meza ya pili, kofia yake ya viua kaiweka gotini, akamgeukia akamuuliza, "Wewe mjukuu wangu unacheza wapi?" Wakazungumza mpira hao mpaka adhana ya magharibi.

Agosti ya mwaka ule ule wa 2025 tukawa na CHAN, mashindano ya timu za taifa za Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani, na Amaan ikapewa kundi la Senegal, Congo-Brazzaville, Sudan na Nigeria. Siku Sudan walipowafunga Nigeria 4-0 tulikwenda banda jengine, kwa kuwa lilikuwa karibu na kituo cha daladala. Kiingilio nilitoa cha watu wawili, na pesa ikapokelewa. Kuingia, yule aliyezipokea akanambia, "Pa wanawake hapana, mama, simameni pale dirishani." Tukatazama kwenye nondo za dirisha, huku pikipiki zikitupita mgongoni. Ndani mlango ni mmoja, waya wa umeme umepitishwa chini miguuni mwa watu, na waliokaa wamebanana hata pa kupitisha kikombe cha kahawa hapana. Kabla ya mapumziko binti yangu akasema turudi nyumbani. Hilo ndilo lililoniuma. Mtoto anaependa mpira kuliko chakula aliona bora asiutazame.

Najua yatasemwa ya adabu, kuwa ukumbi wa mpira si pahala pa mwanamke. Nami naijali adabu, na ndiyo maana nataka benchi letu. Panapopangwa watu hukaa kwa heshima. Pasipopangwa ndipo panapokuwa na kusukumana. Wala kutazama pamoja si jambo geni Zanzibar. Visiwa hivi vilipata televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati huo Bara bado hawana yao, na wazee wetu wa kike husimulia walivyokuwa wakijaa ukumbini kwa jirani mwenye nayo, mikeka ya wanawake upande mmoja na ya wanaume upande mwengine. Hapana aliyefukuzwa dirishani.

Kwa upande wa biashara, wenye mabanda wapige hesabu wenyewe. Sisi tunakuja na watoto, na watoto wanakula. Siku ile ya Simba meza yetu peke yake ilimaliza bakuli baada ya bakuli za urojo, mishikaki na juisi ya miwa.

Baraza la Manispaa nalo, linapotoa leseni za kumbi hizi, likague choo, mlango wa pili na zile waya, na liulize swali moja zaidi: familia inakaa wapi? AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027 tumeipata sisi Tanzania pamoja na Kenya na Uganda, na wageni wataingia na wake zao na mabinti zao. Lakini hata wasingekuja, binti wa Jang'ombe ana haki ya kiti.

Yule mwenye mgahawa wa nyuma ya uwanja ananiambia anakusudia kuezeka uani aongeze mabenchi ya familia, na kuwa mwenye banda yeyote anayetaka kuona alivyopanga amfuate asubuhi, wakati ukumbi mtupu, atamuonesha.

Wako,
Mama Salma
Jang'ombe, Unguja