Povu la alumini likizidi ugumu halikingi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu povu la alumini, yaani alumini iliyojaa vitundu kama sifongo, imemwacha msomaji akiamini kwamba kadiri povu linavyokuwa gumu ndivyo linavyokinga zaidi. Sivyo. Povu linalowekwa ndani ya bampa ya gari kazi yake ni kubonyea, tena libonyee kwa nguvu ileile tangu mwanzo hadi mwisho, huku likimeza nishati ya mgongano.

Chukua mzigo wa kilo 10 unaodondoka kutoka mita 2. Unatua na nishati ya jouli 196 hivi. Chini yake weka kipande cha povu chenye kitako cha milimita 50 kwa 50 na kimo cha milimita 80. Povu linalobonyea kwa mkazo (nguvu kwa eneo) wa megapaskali 2, yaani nyutoni 2 kwa kila milimita ya mraba, litaukabili mzigo kwa nyutoni 5,000 na kuusimamisha baada ya milimita 39, karibu nusu ya kimo chake. Lile gumu la megapaskali 10 litausimamisha ndani ya milimita 8, ila kwa nyutoni 25,000: kilichomo ndani ya mzigo kinakula pigo mara tano. Povu la megapaskali 0.4 nalo lingehitaji karibu milimita 200, ambazo hazipo. Vitundu vitafumba vyote, patabaki bonge la alumini, na nguvu itaruka juu ghafla.

Makala pia imeruka namna povu linavyotengenezwa, na humo ndimo ubora unamoamuliwa. Njia inayofaa karakana ndogo ni ya chumvi ya kawaida: alumini humiminwa kati ya punje zake, kisha chumvi huoshwa kwa maji na kuacha vitundu. Chumvi inayeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi, alumini kwenye 660, kwa hiyo punje hubaki imara metali ikipita katikati yake. Chekecha upate punje za milimita 2 hadi 3, zikaushe kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa saa kadhaa, maana maji yaliyojificha ndani ya punje huzipasua, na maji yakikutana na alumini iliyoyeyuka ni mlipuko. Hapo hakuna mzaha. Jaza kalibu ya chuma ukiigongagonga, ipashe moto hadi nyuzi 600 au zaidi kidogo, ndipo umimine alumini ya nyuzi 720 hadi 750.

Ukiishia hapo utatoa kipande kilichojaa juu tu. Alumini hailoweshi chumvi. Haizami yenyewe, inahitaji kusukumwa kwa shinikizo la gesi au pistoni. Shinikizo likipungua, metali haifiki chini. Likizidi, inapenya hadi pale punje zinapogusana na kuzifungia kila moja chumbani mwake, na maji hayatazifikia tena. Ndiyo maana kuosha hakuhesabiwi kwa saa bali kwa mizani: loweka, badilisha maji, kausha, pima, rudia hadi uzito usibadilike. Chumvi iliyobaki inadanganya vipimo, kisha inaila alumini taratibu.

Povu hili si jepesi sana. Punje zilizogongwagongwa hujaza kama asilimia 62 ya nafasi, hivyo metali ni asilimia 38, karibu gramu 1 kwa sentimita ya ujazo. Kwa makadirio, kiwango cha kubonyea kabla vitundu havijafumba ni 1 kutoa mara 1.4 ya sehemu ya metali: hapa asilimia 47 tu, wakati povu lenye metali asilimia 10 hufika 86. Wanaotaka wepesi huo hutia kalisi asilimia 1.5 kwenye alumini ya nyuzi 680 na kuikoroga hadi iwe nzito, kisha huongeza haidridi ya titani asilimia 1.6 itoe haidrojeni. Bila kuinenesha hivyo, viputo hupanda na kupasuka, na metali hutuama chini.

Kupima povu kwa kuligandamiza kuna kiwango chake cha kimataifa, ISO 13314 cha mwaka 2011. Kila upande wa sampuli uwe angalau mara kumi ya kitundu. Kwa punje za milimita 3, si chini ya milimita 30. Ikate kwa waya wa cheche za umeme ukiweza, kwa sababu msumeno mkali hurarua kuta za vitundu vya juu na mchoro wa mkazo dhidi ya kubonyea unaanza na ulaini wa uongo. Kwa kimo cha milimita 40, mwendo wa kugandamiza wa milimita 2.4 hadi 24 kwa dakika unatosha. Wastani wa mkazo kati ya asilimia 20 na 30 za kubonyea ndio mkazo wa uwanda, yaani sehemu tambarare ya mchoro ambapo povu hubonyea kwa nguvu karibu ileile. Mkazo unapofika mara 1.3 ya huo, uwanda umekwisha. Mchoro wenye meno kama msumeno maana yake kuta zinavunjika badala ya kujikunja, jambo la kawaida kwa aloi zenye silikoni nyingi.

Mkiandika tena juu ya povu lolote, tunaomba mchapishe namba tatu pamoja: gramu kwa sentimita ya ujazo, mkazo wa uwanda, na asilimia ya kubonyea ambapo uwanda unakomea. Moja bila nyingine haimwezeshi fundi kuchagua.

Wahandisi wa metali