Usiwashe hiyo bodi kabla hujaipima

Kaloleni, Arusha
9 Julai

Kwako Baba Neema,

Salaam. Huku hatujambo, ila baridi ya mwaka huu imetushika kweli. Wiki nzima Meru umejifunika mawingu, hatuuoni mpaka jua liwe la utosini. Natumaini Mama Neema na watoto ni wazima, na mzee ameanza kuukanyagia ule mguu.

Jana tulipoongea kuhusu bodi ya Wii yako, ile mashine ya gemu unayoipunguza kwa msumeno ili iwe ndogo ya kubeba na betri yake, simu ilikatika nikiwa nimesikia maneno mawili tu: "nimeshakata" na "nawasha kesho". Ndiyo maana nikakutumia ile meseji ya haraka. Sasa nakuandikia kwa utulivu, maana jambo lenyewe halitoshi kwenye meseji. Barua hii nampa kondakta wa Kosta ya asubuhi pamoja na kifurushi. Ndani utakuta karatasi za msasa namba 400 na 800, na ile lenzi ya sonara niliyokuwa nikiitumia kusomea namba za vichipu.

Nakuomba sana, kaka, usiiunganishe na betri wala chaja kwanza. Bodi ya Wii unayoiona kwa macho ni ngozi ya juu tu. Katikati yake kuna matabaka mengine ya shaba, mapana kama shuka. Mengine ni graundi, yaani upande hasi wa umeme, mengine yanabeba volti, na kati ya shuka moja na nyingine pametengwa na kitu chembamba mno. Bodi ikiwa nzima, shuka hizo zinaishia ndani kidogo ya ukingo, hazigusani. Ukipitisha msumeno unazikata zote kwa pamoja, na shaba ni laini, meno ya msumeno huiburuta. Shaba ya juu inavutwa chini, ya chini inavutwa juu, zinakutana palepale ulipokata. Hapo umeshapata shoti, na bodi ukiitazama inaonekana safi kabisa.

Yangu ya wiki iliyopita ilinifanyia hivyohivyo. Niliikata upande wa zile soketi za kadi, nikasugua kidogo, nikaona inapendeza. Kisha nikapima kwa mita ukinzani kati ya graundi na kila laini, yaani njia ya shaba inayopeleka volti fulani kwenye vichipu. Nilipogusanisha ncha za mita zenyewe kwa zenyewe ilisoma 0.4, ndio ukinzani wa waya zake. Laini ya volti 1.0 ikasoma vilevile kama kabla ya kukata, ya 1.15 vilevile, ya 1.8 vilevile. Kufika laini ya 3.3, ambayo kabla ya msumeno ilikuwa na mamia ya ohm, mita ikaniandikia 0.6. Ondoa 0.4 za waya, imebaki 0.2. Sasa piga hesabu tuliyofundishwa kidato cha pili, volti gawanya kwa ohm: 3.3 kwa 0.2 ni ampea 16 na nusu. Fyuzi ya plagi ya ukutani ni ampea 13, Baba Neema. Ule mkondo ungetakiwa kupita kwenye uzi wa shaba usiofika hata unene wa unywele.

Na huo uzi niliuona kwa macho yangu. Nilikaa mlangoni penye mwanga, lenzi jichoni, nikaugeuza ukingo polepole kama mtu anayesoma maandishi ya pete. Karibu na kona palikuwa na kitu kinang'aa, chekundu chekundu, kimelala kikiwa kimepinda kama unywele wa hindi bichi. Nikapitisha msasa mara kumi hivi kwa mwelekeo mmoja, nikapima, ikapanda kidogo kisha ikarudi. Nikapitisha tena. Mara ya tatu namba ikaruka mpaka kwenye mamia yake ya zamani na ikatulia hapo. Sikuinuka nilipokuwa nimekaa kwa muda. Nilifurahi kuliko siku niliyolipwa ile kazi ya redio za hoteli.

Nakueleza yote haya kwa sababu bodi yangu ya kwanza, miaka miwili iliyopita, niliipoteza kwa kutojua jambo moja, na wewe sitaki likupate. Ilikuwa Wii ya marehemu kaka, ile tuliyokuwa tukiicheza wote sebuleni kwa mama. Nilipima kwa mlio. Niliweka mita kwenye alama ya spika, nikagusa laini ya kwanza ikalia, ya pili ikalia, nikajisemea hizi laini ndivyo zilivyo. Nikawasha. Harufu ile bado naikumbuka, na mpaka leo inaniuma.

Mlio unadanganya hapa kwa sababu hii: mita nyingi hulia kwa kitu chochote chenye ohm chache, wala hazingoji iwe sifuri. Na vichipu viwili vikubwa vya Wii, kile cha Broadway ambacho ndicho ubongo na kile cha Hollywood cha picha, vinatumia volti ndogo na mkondo mwingi, kwa hiyo laini zake zina ukinzani mdogo hata zikiwa nzima. Mita inaweza kulia na bodi isiwe na kosa lolote. Kwa hiyo mlio uachane nao. Weka kwenye ohm, ile ya 200, usome namba. Ikikuonyesha 1 peke yake upande wa kushoto, maana yake namba ni kubwa kuliko 200, panda kwenye 2000.

Najua utaniuliza, namba sahihi ni ipi? Sikupi namba zangu uzifuate. Bodi za Wii zilitoka kwa matoleo mbalimbali tangu 2006, na mita yako si mita yangu. Namba ya kuaminika ni ya bodi ileile kabla hujaikata, na hiyo yako imeshapita. Lakini unayo ile Wii ya pili, uliyoinunua kwa sababu ya deki iliyokufa. Ifungue, angalia namba ya toleo iliyoandikwa kwenye bodi, na kama zinafanana hicho ndicho kipimo chako. Pima zote nne, 1.0, 1.15, 1.8 na 3.3, uandike kwenye karatasi. Kisha pima mahali palepale kwenye hii uliyokata. Tofauti ndogo isikutishe. Laini iliyokuwa na mamia ikisoma chini ya ohm moja, hiyo ni shoti. Zile mbili za volti ndogo, 1.0 na 1.15, ndizo za kutazama kwa makini zaidi, maana hapo shoti na uzima havipishani sana kwa namba.

Kabla ya kupima toa ile betri ya duara ya saa, CR2032, maana ukipima ohm penye umeme unapata uongo, na unaweza kuua mita. Ncha nyeusi iwe kwenye graundi na nyekundu kwenye laini, kila mara hivyohivyo. Ukizigeuza namba inabadilika, kwa sababu ndani ya vichipu kuna njia zinazopitisha upande mmoja kuliko mwingine. Usiandike namba ya kwanza unayoiona. Kapasita za bodi, vile vitunza umeme vidogo, zinajaa taratibu kutokana na umeme mdogo wa mita yenyewe, kwa hiyo namba itapanda, itapanda, kisha itatulia. Andika pale ilipotulia.

Kusugua, anza na 400, malizia na 800, na usugue kwenye maji. Mimi natumia besheni la kufulia lenye maji kidogo. Ule unga wa bodi ni nyuzi za kioo, ukikauka unapeperuka na kuingia kifuani, na ngozi inawasha siku mbili. Usiufanyie ndani, Neema ana kifua. Na vaa barakoa hata kama ni maji. Ukimaliza, piga mswaki wa zamani na spiriti ukingo mzima, halafu uikaushe kabisa, maana unyevu nao unazishusha namba. Mimi huazima draya kwa dada wa saluni ya jirani, naiweka kwenye joto la chini, dakika chache tu.

Ikigoma baada ya yote hayo, usiingiwe na hasira ukaanza kukwangua kwa wembe. Sugua upande mmoja, pima. Sugua wa pili, pima. Upande utakaoibadilisha namba ndio wenye kosa, hapo ndipo uweke lenzi. Kama pande zote ni safi na bado ni shoti, funga safari. Kosta ni saa mbili au tatu tu, tutakaa nayo wote wawili, na chai ya tangawizi ipo.

Kuhusu betri na ganda la kuishikilia, yale tuliyochora pale Mbuyuni, tutaongea baadaye. Picha uliyotuma ya jinsi ulivyopiga mstari wa kukatia niliipenda, mkono wako umetulia.

Msalimie Mama Neema, na umwambie mzee tunamwombea. Ukishapata namba zote nane, nne za ile nzima na nne za uliyokata, nitumie usiku huohuo hata kama ni saa sita. Sitalala mapema.

Ndugu yako,
Baba Junior