Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Bagamoyo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu: Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Klabu yetu ilianza na wasichana tisa. Leo tuko 43, na mwaka huu tumeelimisha kijiji kizima kuhusu nyani.

Mheshimiwa, nyani huyu tunayemfukuza kwenye mahindi amewafundisha madaktari mengi kuhusu uzazi wa mwanamke. Panya wa kawaida wa maabara hapati hedhi. Nyani jike anapata, kila baada ya siku 33 hivi, na ngozi ya makalio yake huvimba na kunywea, hata mtafiti akajua mzunguko umefika wapi bila kumgusa. Tena huugua mwenyewe endometriosisi, ugonjwa ambao tishu kama ya utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo. Nchini Kenya, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960 imeuchunguza kwa nyani miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika wanawake na wasichana kumi wa umri wa kuzaa, mmoja anao. Ugonjwa huu huleta maumivu makali wakati wa hedhi, lakini huku kwetu kila maumivu ya namna hiyo ni chango, na binti huambiwa avumilie. Mwenzetu mmoja alivumilia mpaka akakosa mtihani wa majaribio.

Tunataka kesho tuuchunguze sisi. Lakini maabara yetu, Mheshimiwa, ni boma lililoishia kwenye linta. Wageni rasmi wawili waliokutangulia walikalia kiti hicho hicho, wakaahidi bati, tukawapigia vigelegele. Tunaamini majukumu yaliwazidi. Katika kusubiri, mbao za kenchi walizochangia wazazi zimeliwa na mchwa, na hadubini zetu mbili, zilizofungiwa stoo, zimeota ukungu kwenye lenzi kwa unyevu wa bahari. Seli tunaziona kwenye picha za kitabu tu.

Tunaomba bati 70, mbao mpya na kabati la kutunzia hadubini. Ahadi tumezipokea kwa heshima miaka yote. Safari hii tunaomba na tarehe. Kitabu cha wageni kiko mbele yako, na ukurasa wa leo tumeuacha wazi ili uiandike kwa mkono wako kabla hatujakukaribisha chakula.

Tunaomba kuwasilisha.