Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kubadilishana Picha za Filamu

Waheshimiwa wanachama,

Kwa niaba ya kamati, nawasilisha taarifa ya shughuli za chama chetu kwa mwaka unaomalizika. Hesabu za fedha zitasomwa na mweka hazina, nami nitabaki kwenye jambo lililotushughulisha kuliko yote, yaani kubadilishana picha za kamera ya filamu tulizozisafisha kwa dawa na kuzichapa kwa mikono yetu.

Utaratibu haujabadilika: kila mshiriki huchagua negativu moja (kipande cha filamu iliyosafishwa, ambamo mwanga na giza vimegeuzwa), akachapa nakala zinazowatosha wenzake, kisha kila mtu akapokea bahasha yenye picha ya kila mshiriki. Lilitolewa pendekezo kwamba tutumiane picha kwa simu ili kupunguza gharama, na kamati ililikataa, kwa kuwa karatasi ndiyo inayofichua vumbi, weusi usio na uhai na alama za vidole ambazo kioo cha simu huzifunika. Picha nyingi zilitoka Mji wa Kale wa Mombasa, na kwa maoni yangu milango ya nakshi imetutosha kwa sasa. Zilizonivutia zaidi ni za abiria wa feri, ambazo ziliwakumbusha wazee wetu wale wapiga picha wa Likoni waliokuwa na vibanda karibu na kivuko, wakiwapiga wateja mbele ya mapazia yaliyopambwa.

Tatizo letu kubwa limekuwa maji. Baadhi ya picha zilizotolewa mapema zimekwisha kuota madoa ya manjano, na sababu inajulikana: dawa ya kukaza picha, ile inayoizuia isiendelee kubadilishwa na mwanga, haikuoshwa ikaisha. Karatasi ya asili isiyo na plastiki hunywa dawa hiyo na huweza kuhitaji saa nzima ya kuoshwa, ilhali karatasi iliyopakwa plastiki hutosheka na takriban dakika 2 katika maji yanayotiririka. Katika mji ambao wengi wetu hununua maji kwa mitungi kutoka kwa wenye mikokoteni, kamati inashauri kwamba picha za kubadilishana zichapwe kwenye karatasi ya plastiki, na ile ya asili iwekwe kwa maonyesho. Wenye visima vya maji ya chumvi wasikate tamaa, kwa sababu maji ya chumvi huiondoa dawa hiyo haraka kuliko maji matamu, mradi picha isuuzwe mwishoni kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi ikibaki nayo huharibu.

Joto la maji nalo lilijadiliwa sana. Filamu ya nyeusi na nyeupe ya Ilford HP5 Plus katika dawa ya kusafishia ya ID-11 isiyozimuliwa huhitaji dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20 za Selsiasi, lakini maji ya bomba letu, hasa wakati wa kaskazi, huwa na joto kubwa zaidi, na muda hupungua hadi chini ya dakika 5, ambapo ni vigumu kupata filamu iliyosafishika sawasawa. Waliozimua dawa kwa maji kiasi sawa walipata nafuu, kwani muda wa nyuzi 20 hufika dakika 13, na hata kwa nyuzi 24 hubaki karibu dakika 9. Dawa zote na maji ya kuoshea yawe na joto lisilopishana sana, la sivyo utando wa filamu hujikunja. (Wanaosafisha filamu za rangi wanatucheka, kwa kuwa dawa yao hutaka nyuzi 38.)

Dawa ya kukaza iliyotumika ina madini ya fedha ndani yake, kwa hiyo isimwagwe mtaroni. Ikusanywe katika madumu yaliyo chumba cha giza.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza zamu moja ya namna nyingine: negativu moja itapokezwa kutoka kwa mwanachama hadi mwanachama, kila mmoja aichape apendavyo, kisha tuzitandike picha zote mezani pamoja. Tutaona nani hutia giza mawingu, nani huangaza uso, na nani huchapa bila kugusa kitu. Pendekezo hili litapigiwa kura leo. Likipita, mwenye negativu aikabidhi kwa katibu ndani ya mfuko wake wa plastiki, na atakayeipokea aandike nyuma ya kila picha, kwa penseli laini, aina ya karatasi na muda wa mwanga.

Mwenyekiti