Mikoko ya Mwache hufa kwa kukosa pumzi

Mhariri,

Kila msimu wa kupanda miti huja wageni na fulana mpya hapa pwani, wakachomeka miche ya mikoko topeni, wakapiga picha, wakaenda zao. Sina ugomvi na fulana. Nauliza tu: tope lile limetoka wapi?

Wanaokumbuka mvua za El Niño za 1997 na 1998 wanajua yaliyolikuta hori la Mwache, mkono wa bahari huku Mombasa. Mto ulishusha udongo wa bara, ukaifukia mikoko ikiwa imesimama. Watu hudhani miti hii huuawa na chumvi, kumbe chumvi inaimudu. Mchu na mlilana, aina mbili za mikoko, hutoa vijiti vya mizizi juu ya tope ili vivute hewa maji yakitoka. Vikizikwa na udongo, mti husongwa kama mtu aliyezibwa pua. Majani hupukutika, vikabaki vigogo vikavu, na kaa na samaki wachanga wakakosa maficho.

Sasa mtu akipanda miche elfu hapo huku mashamba ya Kwale, mto unakoutoa udongo huo, hayana makinga maji, yaani matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, amepanda nini? Mvua kubwa ijayo itaifunika yote.

Na tafadhali, kabla ya kupanda waulizwe wavuvi. Mlilana hukaa mbele, karibu na maji. Mkandaa, aina nyingine, hukaa nyuma. Nimeona miche ya mkoko wenyewe, ile aina moja tuiitayo hivyo, imepangwa mstari mmoja mahali ambapo mkoko haujapata kuota tangu nizaliwe.

Msomaji wenu,
Mombasa