Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wasikilizaji, Tanga, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wageni waalikwa, na ninyi wachache mliofika kwa wakati: assalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, na wengine wote habari za mchana.

Mkutano huu ulitangazwa uanze saa nane. Naanza kusoma saa tisa na robo, na viti tulivyokodi zaidi ya nusu havina mtu. Hilo nitalirudia.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Tulikutana Ngamiani Jumamosi moja kila mwezi, tukasikiliza toleo la podikasti kwa spika, tukabishana, waliokuwa na maoni wakarekodi sauti zao na sauti zikatumwa kwa watayarishaji. Mwanzo wa mwaka mada ilikuwa Goma, kisha Bukavu, miji ya Kongo iliyotekwa na waasi wa M23. Februari tulisikiliza uchambuzi wa kura za Addis Ababa, Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti alipomshinda Raila Odinga wa Kenya kwenye uenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Machi Sauti ya Amerika ikanyamaza kwa amri ya Rais Trump, na wazee wetu wa masafa mafupi wakahamia kwenye podikasti, mmoja wao akiniuliza inapatikana mita ngapi. Raila alipofariki tarehe 15 Oktoba tuliitisha kikao cha ziada, na ndicho kilichojaa kuliko vyote, kwa kuwa wengi wetu tuna ndugu Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Mwisho wa mwezi huohuo, kuanzia siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa, na cha Novemba hakikufanyika. Sababu mnazijua. Niseme tu kwamba walionicheka mwaka mzima kwa kutembea na redio ya betri walikuja mmoja mmoja kuiazima.

Sasa niingie kwenye suala la Julai, la sauti za wanachama ambazo sikuzituma, maana najua ndilo lililowaleta hata hao mliokuja.

Julai tulisikiliza toleo lililohusu bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi hapa kwetu Chongoleani. Sina haja ya kueleza bomba ni nini kwa watu wa Tanga. Jiwe la msingi liliwekwa Chongoleani tarehe 5 Agosti 2017 na Marais Magufuli na Museveni, na baadhi yetu tulikuwepo juani. Lakini kipindi kilieleza mambo ambayo wengi hapa hamkuwa mnayajua, nami nayataja kwa sababu ndiyo chanzo cha mgogoro. Urefu wake ni kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania. Kampuni ya TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 ya hisa, CNOOC ya China asilimia 8, na mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja. Mafuta yenyewe yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba lote linapashwa moto, nyuzi joto 50 hivi, njia nzima hadi baharini.

Siku ile wanachama walirekodi sauti 23. Mimi nilituma mbili. Kwa sababu ya hizo 21 nimeitwa dikteta, nimeitwa mhariri, na nimesikia kwamba kwenye kahawa ya barabara ya kumi na mbili kuna jina jingine ambalo heshima ya mkutano hainiruhusu kulitamka.

Naomba tuhesabu pamoja. Sauti nane zilikuwa salamu. Silaumu, wengi wetu ni watoto wa kadi za salamu, tulikua tukiandikia Radio Tanzania Dar es Salaam, na Ugua Pole ikiwa hewani nyumba nzima ilinyamaza. Lakini watayarishaji wanatoa dakika moja kwa msikilizaji. Ndugu yetu mmoja, namheshimu sana, alimsalimia mkewe, akamsalimia shemeji yake aliyeko Muheza, akawasalimia wote wanaomfahamu wa Makorora na vitongoji vyake, akasema "kuhusu hili bomba kwa kweli", na dakika ikaisha. Ningetuma nini hapo?

Tano zilikuwa za watu ambao hawakusikiliza. Hili nimeambiwa nimewadhalilisha wenzangu, lakini katiba haimkatazi mwenyekiti kuuliza swali. Niliuliza kila mmoja kabla ya kurekodi: kwa nini mafuta yanapashwa moto? Mmoja alijibu kwamba ni uongo wa Wazungu, Tanga ina jua la kutosha. Mwingine alidhani ni gesi ya kupikia, akataka tudai tuunganishiwe majumbani tukianzia Mwanzange. Walikuwa nje wakivuta sigara kipindi kikiendelea, na wakaja kutoa maoni kwa kichwa cha habari.

Nne zilimtaja mtu kwa jina kwamba amekula fidia za watu. Huenda alikula, huenda hakula, hakuna aliyeleta hata karatasi moja. Wanaosema niliogopa wanasema kweli nusu. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayomgusa anayechapisha habari za uongo huku akijua. Simu inayotuma sauti za chama ni yangu, na laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyangu mimi, si vya chama. Wakati wa kuitwa kituoni, hao waliokuwa wakinipigia kelele wangekuja kuniletea uji?

Zikabaki sita. Nne kati ya hizo zilisema kitu kimoja: Bunge la Ulaya, lililopitisha azimio Septemba 2022 likitaka mradi uahirishwe mwaka mmoja kwa sababu ya haki za watu na mazingira, halina haki ya kutupangia sisi, wakati Ulaya imejaa mabomba na imejengeka kwa mafuta. Hoja nzuri. Mimi mwenyewe naiunga mkono, ingawa anayesema mwenye shamba asisikilizwe kwa sababu mtetezi wake ni Mzungu naona anakwepa swali. Lakini hoja hiyo ilishasemwa na mchambuzi ndani ya kipindi hichohicho, kwa maneno mazuri kuliko yetu. Maoni ya msikilizaji yanapaswa kuongeza kitu ambacho waliokaa studio hawana. Kumrudishia mtangazaji maneno yake mwenyewe ni kumpotezea wakati.

Mbili nilizotuma zilikuwa na hicho kitu. Ya kwanza ni ya mama wa Chongoleani anayeuza samaki. Hakusalimia mtu. Alisema: "Mimi nanunua kwa wavuvi wa ngalawa, hawana mashine ya kwenda mbali. Gati likikamilika na meli kubwa zikaanza kuja, nataka kujua wao watatupa nyavu wapi. Fidia ya shamba nimeisikia. Ya bahari sijaisikia." Basi. Haikufika hata dakika, na ndani yake mlikuwa na swali ambalo wataalamu watatu hawakuligusa.

Ya pili ni ya kijana fundi wa kuchomelea, aliyeeleza kwamba kabla ya mradi alikuwa akichomelea mageti na madirisha mtaani, sasa amefundishwa kuchomelea bomba na ana cheti, na kwamba anayetaka mradi usimame amwambie yeye arudi kwenye mageti ya nani. Imesemwa kwamba nilimchagua kwa kuwa ni mpwa wangu. Ni mpwa wangu. Dada yangu ndiye aliyemzaa, na cheti hakukipata kwangu. Kama kuna mwanachama mwenye mpwa anayechomelea bomba na akasema vizuri zaidi, alete sauti yake.

Sauti zote mbili zilisomewa utangulizi na kupigwa katika toleo lililofuata. Mtangazaji alisema "wasikilizaji wetu wa Tanga", akalitaja na jina langu. Sikuliomba. Kwa miaka yote ambayo chama hiki kilikuwa kikituma sauti ishirini ishirini, hatukuwahi kupigwa hata mara moja, na hilo kila mtu hapa analijua hata kama hapendi kulisikia.

Kuhusu mjumbe wa kamati aliyetoka kikaoni na spika kwapani akidai ni yake: spika ni ya chama, stakabadhi ninayo. Ilirudi baada ya siku tatu, chaji imeisha. Nimesamehe, ingawa nataka ibaki kwenye kumbukumbu.

Nije kwenye mahudhurio na ada. Tumeandikishwa wanachama 64. Mkutano wa nusu mwaka ulihitaji watu 32 kutimiza akidi, walikuja 17, na katika hao 17 wawili walikuja kuniuliza habari za kiwanja. Nimegundua mahudhurio yanapanda kahawa inapomiminwa na kushuka vikombe vinapokusanywa. Vijana tunaambiwa wanasikiliza kwenye simu zao wenyewe, wakiwa kwenye daladala. Vizuri. Lakini msikilizaji wa peke yake hana wa kumbishia, na mimi sijaona daladala lililotuma maoni.

Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Waliolipa mwaka mzima ni 19. Tulianza na salio la shilingi 86,500, tukakusanya 714,000 badala ya 1,536,000, tukatumia 769,000: chumba 300,000, kahawa na kashata 156,000, spika 145,000, bando 108,000, shajala na nauli 60,000. Zimebaki 31,500. Bodaboda ya yule mama kutoka Chongoleani haimo humo, nilitoa mfukoni. Sidai, nataja tu. Kuna wanachama hapa wanaodaiwa tangu mwaka juzi na ndio waliokuwa wa kwanza kusimama Julai kusema haki ya kila mwanachama isikilizwe. Majina Katibu anayo, sitayasoma, ingawa kamati ilinishauri niyasome.

Kwa mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kuongeza wanachama, hasa akina mama na vijana, kutafuta mfadhili wa kipaza sauti, na ikiwezekana kwenda siku moja Chongoleani kusikilizia kulekule. Kuna wazo pia la chama kuwa na podikasti yake. Mazungumzo yanaendelea. Utaratibu wa kuchuja sauti kabla ya kutuma utaendelea kama ulivyo mpaka mkutano wenye akidi uamue vingine, na akidi, narudia, ni watu 32.

Nawashukuru Katibu, Mhazini, mwenye chumba kwa uvumilivu wake wa kodi, na mke wangu, ambaye sebule yake iligeuka studio bila kuulizwa.

Mhazini amekaa pale mlangoni na kitabu cha stakabadhi. Kahawa itamiminwa akishafunga hesabu ya leo.

Mwenyekiti,
Tanga, Desemba 2025